Mgonjwa wa Parkinson anaporusha ngumi usingizini

Swali ninaloanza nalo kwa anayelala na mgonjwa ni hili: vurugu hutokea saa ngapi? Ngumi, mateke na matusi ya kuelekea alfajiri, macho yakiwa yamefumbwa, mara nyingi ni ndoto inayoigizwa. Mtu akiota, shina la ubongo hulegeza misuli, isipokuwa ya macho na ya kupumulia. Katika Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta mtetemeko na ukakamavu, na katika demensia ya Lewy, ugonjwa wa jamii hiyo unaodhoofisha akili, seli za kazi hiyo huharibika, na breki hukatika. Mwamshe: atazinduka upesi na huenda akasimulia aliyekuwa akipigana naye. Madaktari Schenck na Mahowald walilieleza tatizo hili mwaka 1986 huko Minnesota, Marekani, na linaweza kutangulia mtetemeko wa mkono kwa miaka kumi na zaidi.

Aliyefumbua macho, anazunguka chumbani na hajui alipo, huyo ana jambo jingine. Tafuta maambukizi ya mkojo au dawa mpya. Miguu inayomsumbua kabla hajalala na kutulia akitembea ni tatizo jingine tena: pima ferritini, yaani akiba ya chuma mwilini, na ikiwa chini ya mikrogramu 75 kwa lita, madini ya chuma huweza kusaidia. Asiyeweza kujigeuza kabisa, huenda nguvu ya levodopa, dawa ya Parkinson, aliyomeza jioni imemwishia.

Kabla ya kuongeza dawa, kagua anazotumia. Fluoksetini na venlafaksini, dawa za sonona, huweza kuchochea vurugu za ndoto, lakini zisikatwe ghafla. Mimi huanza na melatonini, homoni ya usingizi, miligramu 3 kabla ya kulala, nikipandisha taratibu, pengine hadi 12. Klonazepamu, dawa ya kutuliza, hufanya kazi, ila kwa mwenye demensia huleta kuanguka na kuchanganyikiwa, na anayekoroma huku pumzi ikikatika inaweza kumzidishia kukatika huko. Huyo apimwe usingizi kwanza. Kukatika pumzi kwenyewe huweza kuleta mateke yanayofanana kabisa na haya.

Kitanda hakingoji daktari. Shusha godoro karibu na sakafu, ondoa meza ya kando na kila chenye ncha au kioo, mwenza alale kitanda kingine. Reli za kitanda sizipendi: aliyechanganyikiwa huzipanda akaanguka kutoka juu zaidi, au hunasa katikati. Akianza kurusha mikono usimkamate. Mwite jina ukiwa mbali. Na video ya dakika mbili iliyorekodiwa kwa simu, saa ikiwa imeandikwa, hunisaidia kuliko maelezo marefu.