Usugu wa dawa: fedha haba zianzie wapi?

Dhana: Mwili ndio unaozoea antibayotiki.
Hapana, wanaozoea ni bakteria. Ndiyo maana hata mtu ambaye hajawahi kumeza kidonge anaweza kuambukizwa bakteria sugu, yaani wasiouawa tena na dawa hizo.

Dhana: Hatuna la kufanya mpaka zije dawa mpya.
Dawa mpya tunazihitaji, lakini huchukua miaka mingi kumfikia mgonjwa, na bakteria huzizoea nazo. Mwenye fedha kidogo aanze kwa kuzuia maambukizi yenyewe. Makadirio yaliyochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2024 yanasema nchi za kipato cha chini na cha kati zinaweza kuepusha vifo takriban 750,000 vinavyohusiana na usugu wa dawa kila mwaka kwa maji safi na vyoo, chanjo za watoto, na usafi hospitalini. Huo wa hospitalini peke yake ungeepusha vifo 337,000.

Mkunga ametoka kumzalisha mama mmoja, wa kitanda cha pili anamwita, na bomba limekauka. Bakteria watapita kwenye mikono hiyohiyo. Wodi ya jirani yuko mgonjwa aliyeweza kutembea tangu juzi, ila mpira wa mkojo bado anao kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuutoa. Kuutoa ni kazi ya dakika chache, na kila siku unayobaki hatari ya maambukizi inaongezeka. Mambo haya yananiuma, maana tunayajua siku zote.

Dhana: Suluhisho ni kuzibana antibayotiki tu.
Wapo wengi wanaokufa kwa kuzikosa. Shirika la Afya Duniani limezigawa katika makundi, na la kwanza ni la dawa za kutumika mwanzo, nyingi zikiwa za bei nafuu. Septemba 2024, kwenye Umoja wa Mataifa, nchi ziliweka lengo kwamba ifikapo 2030 angalau asilimia 70 ya antibayotiki wanazotumia binadamu duniani zitoke kundi hilo. Kwa hiyo bajeti ya dawa ihakikishe kwanza hizo haziishi stoo. Zikiisha, daktari hulazimika kuandika za makundi mengine, ambazo zingepaswa kutunzwa.

Dhana: Bila maabara kubwa kila wilaya, tunapapasa gizani.
Chache zinazofanya kazi kila siku zinatosha kuanzia. Afadhali hospitali moja inayootesha bakteria kutoka kwenye damu na mkojo ili kujua dawa ipi itawaua, majibu yakamfikia daktari wakati bado anaweza kubadilisha dawa, kuliko mashine kumi zilizofunikwa vitambaa zikisubiri vitendanishi, yaani kemikali za kupimia.