Je, wajua kwa nini shahada ya sayansi ya data huanza na hisabati badala ya kompyuta?

Mzazi wa Nairobi anayemnunulia mwanawe kipakatalishi kwa sababu ameitwa chuo kikuu kusomea sayansi ya data hutarajia kwamba kijana huyo ataanza mara moja kuiamuru mashine ifanye maajabu. Muhula wa kwanza unapokwisha, daftari huwa limejaa kalkulasi, aljebra ya mstari na nadharia ya uwezekano, na kipakatalishi kimetumika zaidi kujifunzia misingi ya lugha ya programu ya Python tu. Mzazi ana haki ya kuuliza: karo ya miaka minne inalipwa ili mtoto arudishwe kwenye ubao na chaki?

Jibu ni kwamba kompyuta haikatai hesabu. Ukiipa safu ya namba na kuiomba wastani, itakupa wastani huo hata kama namba zenyewe zilikusanywa kwa namna inayopotosha, na haitakuonya. Wa kuonya ni mtu, naye hawezi kuliona kosa hilo kwa macho matupu.

Chukua sensa ya mwaka 2019, ambayo iliwahesabu wakazi 4,397,073 katika Kaunti ya Nairobi na kuonyesha kwamba kaya moja ya hapa ina wastani wa watu 2.9. Tuseme mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anataka kuihakiki namba hiyo, kwa hiyo anaingia katika darasa la shule ya msingi huko Kayole na kumwuliza kila mtoto wanaishi wangapi nyumbani kwao. Wastani atakaoupata utakuwa mkubwa kuliko 2.9, na huenda ukawa mkubwa sana, ingawa hakuna mtoto aliyedanganya wala karani wa sensa aliyekosea. Kijana anayeishi peke yake katika bedsita ya Roysambu hana mtoto darasani wa kumsemea, ilhali nyumba yenye watoto sita ina nafasi sita za kutajwa. Hata tukiliacha darasa na kumwuliza kila mtu, mkubwa kwa mdogo, hali ni ileile: kaya tatu zenye mtu mmoja, watu wawili na watu sita zina wastani wa watu 3, lakini ukiwauliza wote tisa mmoja mmoja na kugawanya jumla ya majibu yao kwa tisa, utapata karibu 4.6. Wastani wa kaya na wastani wa watu walio ndani ya kaya ni vitu viwili tofauti, na anayefundisha kuvitenganisha ni mwalimu wa uwezekano.

Jambo hilohilo humpata kila anayesubiri matatu. Ikiwa matatu hufika stejini kila baada ya dakika 10 kwa wastani, abiria hudhani kwamba atasubiri dakika 5. Ingekuwa hivyo kama matatu zingefuata saa, na sote tunajua hazifuati, huondoka zinapojaa. Ikiwa nafasi moja kati ya matatu mbili ni ya dakika 2 na inayofuata ni ya dakika 18, wastani bado ni 10, lakini abiria anayejitokea tu ana uwezekano wa tisa kwa kumi wa kuangukia ile ndefu, na wastani wa kusubiri kwake unakuwa dakika 8.2. Kwa hiyo anayenung'unika kwamba ana bahati mbaya na usafiri amepima sawasawa. Ila si bahati.

Kwa muda mrefu, hata data ya kuulizia maswali kama hayo haikuwapo. Kuanzia mwaka 2012, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na watafiti wa vyuo vya Marekani vikiwamo MIT na Columbia, walipanda matatu wakiwa na simu zao na kurekodi vituo na njia zinakopita; ramani ya zaidi ya njia 130 iliyotokana na kazi hiyo ikatolewa mwaka 2014. Kwa maoni yangu huo ni mfano bora wa sayansi ya data kuliko roboti yoyote, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi ilifanyika barabarani, na maamuzi magumu yalikuwa ya kufafanua: je, mahali ambapo makanga hugonga bodi ili dereva asimame ni kituo, au ni mazoea tu?

Masomo mengine ya mwaka wa kwanza hayahitaji utetezi mrefu. Aljebra ya mstari husomwa kwa sababu jedwali lolote la data, liwe la wateja au la picha za eksirei, kwa kompyuta ni matriki, yaani mpangilio wa namba katika safu za kulala na za kusimama. Kalkulasi husomwa kwa sababu kuifunza mashine ni kutafuta mahali ambapo kosa linakuwa dogo kabisa, na wazo hilo ni la zamani: mwanahisabati Mfaransa Legendre alichapisha mwaka 1805 njia ya kupata mstari unaozikaribia nukta zote zilizopimwa kwa kupunguza jumla ya miraba ya makosa, akiwa anashughulikia njia za kometi, yaani nyota zenye mkia. Anayeielewa njia hiyo hatapotea sana anapofikia ujifunzaji wa mashine katika miaka ya juu. Lugha za programu zenyewe hubadilika. R ilizaliwa katika miaka ya 1990, na mwanafunzi wa leo atakutana kazini na zana ambazo mhadhiri wake hajaziona.

Uzito wa mambo haya huonekana zaidi katika mikopo ya simu, ambayo Wakenya wameizoea tangu M-Shwari ilipozinduliwa mwaka 2012. Kampuni ya mikopo inayotaka kutabiri nani atalipa hutumia kumbukumbu za waliokopeshwa zamani. Waliokataliwa hawamo katika kumbukumbu za malipo, kwa kuwa hawakupewa nafasi ya kulipa wala ya kutolipa. Ni kama yule kijana wa bedsita ambaye hakuna mtoto wa kumtaja. Mashine ikifunzwa kwa data hiyo bila tahadhari, itaendelea kuwakataa watu wanaofanana nao, nayo itaonekana kuwa sahihi kila mwaka, kwa sababu haitapata nafasi ya kugundua ilipokosea.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 imeligusa jambo hili moja kwa moja. Kifungu cha 35 kinampa mtu haki ya kutofungwa na uamuzi wenye athari kubwa kwake uliofanywa na mashine peke yake, na kinamruhusu kuomba uamuzi huo uangaliwe upya. Mama mwenye kibanda cha mboga Gikomba akiandika ombi hilo, kuna mtu ofisini atakayelazimika kulifungua jedwali, kulifuata hadi mahali namba zilipotoka, na kueleza kwa maneno kwa nini jibu lilikuwa hapana.