Chai ya majani ya vinka haitibu saratani

Ujumbe huu umezunguka miaka mingi kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Mombasa: chemsha majani ya vinka, lile ua la rangi ya waridi au jeupe lenye petali tano, unywe asubuhi na jioni; saratani itaisha bila madhara, maana ni mmea tu.

Kinachowachanganya watu ni kwamba kuna ukweli ndani yake. Vinkristini na vinblastini, dawa za saratani zinazotumika hospitalini, asili yake ni mmea huohuo, ambao kwao ni Madagaska. Huzuia seli zisigawanyike. Lakini kwenye majani dawa hizo ni chembe ndogo mno, zimechanganyika na kemikali nyingine zenye sumu. Hospitalini husafishwa, hupimwa kulingana na mwili wa mgonjwa, kisha hutiwa kwenye mshipa wa damu. Kikombe cha chai hakina kipimo.

Na kutoka kwenye mmea hakuondoi madhara. Vinkristini huleta ganzi ya vidole na kufunga choo. Vinblastini hushusha chembe nyeupe za damu. Ukitaka kuhakikisha, mwombe mfamasia akusomee karatasi ya maelezo ya dawa hizo.

Mgonjwa anayeacha matibabu kwa ajili ya chai hii hupoteza muda ambao uvimbe unautumia kukua. Tafadhali, ndugu zangu, ukiletewa ujumbe huo usiusambaze. Na kama mzazi wako ameshaanza kunywa, mwambieni daktari wake leo, bila kuona haya.