Hela ya bima inapotelea mapokezi na kwa daktari, sio kwa mhasibu

Wenye zahanati na polikliniki huwa wananiuliza swali moja, mbona wagonjwa wa bima wanajaa kwenye mabenchi lakini benki hakuna kitu? Kazi yangu mimi ni madai ya bima, na jibu langu ni lile lile, usianze kumgombeza mhasibu, nenda kakae mapokezi asubuhi moja uangalie mgonjwa anavyopokelewa. Watu wengi wanadhani dai la NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya wa Tanzania, linatengenezwa mwisho wa mwezi kwenye kompyuta ya ofisini. Hapana. Linatengenezwa pale mgonjwa anapotoa kadi, na likiharibika pale mhasibu hana cha kufanya tena.

Mapokezi anatakiwa aangalie sura na picha ya kwenye kadi, ahakiki kadi kwenye mfumo wa NHIF apate namba ya idhini ya siku hiyo, achague sahihi kama huyu kaja kawaida, ni dharura au ana rufaa, ndo afungue fomu 2A na B, ile fomu ya madai ya NHIF, kwa jina kama lilivyo kwenye kadi, sio analolitaja mgonjwa. Ni dakika chache tu ila foleni ikiwa ndefu kuna anayeruka uhakiki akisema atafanya baadae, af baadae mgonjwa keshaondoka na kadi yake, kapimwa kapewa dawa, na hiyo huduma inakuwa umetoa bure. Ndo mana mimi siwaelewi wamiliki wanaoweka mapokezi mtu wa kujitolea ambaye hajaelekezwa chochote, wakati hiyo ndo meza inayoamua kama mtalipwa.

Twende kwa daktari, na hapa ndo penye makato mengi kuliko kote, yani hela ambayo bima inakataa kulipa. Chukua fomu moja ya mtu mzima: utambuzi umeandikwa UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), namba ya ICD-10, zile namba za kimataifa za magonjwa, ni N39.0, vipimo ni mkojo na mRDT (kipimo cha haraka) ya malaria, dawa ni ciprofloxacin ya UTI na ALu ya malaria. Ukiitazama haraka iko sawa kabisa. Sasa mchakataji wa bima, yule anayekagua madai, anaisoma hivi: mkojo unaendana na UTI, sawa. Cipro sawa. mRDT imetoka hasi, na ALu imetolewa, kwanini? Mwongozo wa matibabu Tanzania unasema malaria ithibitishwe kwa kipimo kwanza, kwaiyo ALu inakatwa. Na hata hiyo mRDT yenyewe inaweza kuulizwa, mana kwenye fomu hakuna sehemu daktari kaandika kwamba mgonjwa alikuja na homa. Angeandika tu "homa siku tatu" kipimo kingekuwa na mguu wa kusimamia. Madaktari wetu wanajua sana kutibu, lakini wengi wanaandika kana kwamba atakayesoma alikuwepo chumbani. Hakuwepo. Anachokiona ni karatasi.

Mi nawaomba madaktari kitu kimoja tu, kila kipimo na kila dawa iwe na ugonjwa au dalili yake imeandikwa. Mgonjwa wa presha umemwandikia I10 af ukampa na dawa ya vidonda vya tumbo, basi andika na hivyo vidonda, usituachie sisi tubuni. Na sisi watu wa madai tusibuni kweli! Kumwongezea mgonjwa ugonjwa ofisini ili dai lipite ni udanganyifu, haijalishi dawa alipewa kweli au vipi. Fomu irudi kwa daktari aliyemwona, yeye ndo airekebishe na asaini, kama anakumbuka na faili linaonyesha.

Famasi nako kuna hesabu. Daktari kaandika amoxicillin 500mg, moja mara tatu kwa siku tano, hiyo ni 15. Famasi katoa 21 kwasababu kazoea dozi ya siku saba. Zile 6 hazilipwi, na ukizidisha kwa wagonjwa wa mwezi mzima unakuta makopo yameisha stoo na hela haijarudi, wakati msambazaji wa dawa anadai chake. ALu ya mtu mzima ni vidonge 24, ikiandikwa 30 kila mtu anaona. Pia bei na huduma viwe vya kitita kinachotumika, yani orodha ya huduma na bei ambazo bima inalipa, kile kilichoanza 1 Machi 2024 kilibadilisha vitu vingi ikiwemo ada ya kumwona daktari, na kuna vituo viliendelea na bei za zamani kwenye mfumo wao miezi na miezi kabla ya kushtuka.

Halafu sahihi ya mgonjwa. Naisema hii kwa uchungu, acheni kumsainisha mgonjwa fomu tupu mapokezi "ili asisumbuke baadae". Anatakiwa asaini mwisho, ameshaona alichopimwa na alichopewa. Na wewe mgonjwa unayesoma hapa, una haki ya kusoma unachosaini, kama kuna kipimo hujafanyiwa uliza hapo hapo.

Fomu zikaguliwe kila siku, jioni hiyo hiyo au asubuhi yake kabla wagonjwa hawajaanza, wakati daktari bado anamkumbuka mgonjwa. Wakati huo huo funga na hesabu ya wagonjwa wanaolipa keshi: risiti za EFD (mashine ya risiti), zilizoingia kwa Lipa Namba ya simu, na hela iliyopo droo, vyote viendane na rejesta ya wagonjwa, hela ipelekwe benki nzima nzima. Matumizi madogo yawe na mfuko wake, msichomoe kwenye makusanyo. Anayepokea hela asiwe ndo anayefunga vitabu, hata kama ni ndugu yako. Vituo vya serikali wao kontrol namba, ile namba ya malipo anayopewa mgonjwa akalipie, imewapunguzia sana hili tatizo, keshi haipiti tena mikononi, binafsi inabidi tujijengee wenyewe.

Kwenye vitabu, dai ukishalipeleka ni mdaiwa, yani hela unayoidai bima, sio hela iliyoshaingia benki. Mhasibu awe na karatasi ya kila bima kwa kila mwezi wa huduma: tumepeleka kiasi gani, wamelipa kiasi gani, wamekata kiasi gani na kwa sababu ipi. Hiyo ya sababu ndo wengi hawaandiki, wanapokea hela iliyoingia, wanashukuru, wanaendelea. Ukiiandika utashangaa makato ya kituo kizima yanatoka kwa watu wawili watatu na makosa yale yale, unaenda kukaa nao, mnaongea.

Na makato sio amri ya mwisho. Kama huduma ilitolewa na ushahidi upo, andika barua ya pingamizi ndani ya muda uliotajwa kwenye mkataba wenu, taja namba ya fomu na kilichokatwa, ambatanisha nakala ya majibu ya maabara na ukurasa wa faili. Usiandike "tunaomba mfikirie upya" peke yake, mana anayeisoma anatafuta majibu ya kipimo, na kama hayapo kwenye bahasha atairudisha kama ilivyokuja.