Kupimwa damu si ushahidi kwamba dawa ni sumu

Wengi huamini kwamba mgonjwa wa akili anayeitwa kupimwa damu kila baada ya miezi michache amepewa dawa inayomuua polepole. Sivyo. Chukua lithiamu, ambayo daktari John Cade wa Australia aliandika habari zake mwaka 1949 na ambayo hadi leo huwatuliza wengi wenye ugonjwa wa baipola, yaani ule wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi. Ni chumvi, na figo ndizo huitoa mwilini. Kiwango kinachotibu kiko karibu mno na kinachodhuru: kwa kawaida milimoli 0.6 hadi 1.0 kwa lita, ikipita 1.5, hatari huongezeka. Ndiyo maana damu huchukuliwa, zikiwa zimepita saa 12 tangu dozi ya mwisho, na figo na tezi ya shingoni hukaguliwa pia.

Kinachonisikitisha ni anayekimbia kipimo huku akiendelea kumeza vidonge. Kuharisha, jasho jingi, hata diklofenaki ya maumivu ya mgongo iliyonunuliwa bila kuuliza, vyote huweza kupandisha kiwango. Mikono ikitetemeka sana, miguu ikiyumba au ulimi ukiwa mzito, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, na mbebe vidonge vyake.