Hakuna vitamini B17, ni amigdalini hiyo

Naomba tumalizane na hii ya "vitamini B17", jina wanaloipa amigdalini, kemikali ya kwenye kokwa za tunda la aprikoti ambayo ikipasuliwa inatoa sumu ya sayanaidi, eti inatibu kansa, maana kila mara anakuja mgonjwa wa kansa au ndugu yake pale kaunta na picha ya kokwa za aprikoti kwenye simu, anaulizia dozi. Dozi ya nini jamani? Vitamini ukiikosa unaumwa, ukikosa vitamini C unapata kiseyeye, haya nitajie ugonjwa mmoja wa kukosa amigdalini. Haupo. Hilo jina alilibandika Ernst Krebs Junior, yule yule aliyekuwa anaipigia debe letrili, ambayo ni amigdalini iliyogeuzwa kidogo maabara, na kitu kikishaitwa vitamini si unajua kinavyouzika.

Halafu eti "sayanaidi yake inaua seli za kansa tu". Yaani sumu ichague! Walidai seli za kansa zina kimeng'enya kingi cha kuipasua amigdalini na hazina kile cha kuizima sayanaidi, watu wakapima wakakuta cha kupasua ni kidogo kwa seli zote, za kansa na zenye afya, na cha kuzima kipo kwa zote. Inakopasuliwa hasa ni kwenye utumbo, bakteria wa mle ndio wanaofanya hiyo kazi, ndo maana kuila ni hatari kuliko kuchomwa sindano. Sayanaidi ikiingia kwenye damu seli zinashindwa kutumia oksijeni hata kama unapumua vizuri tu, kichwa kinauma, kizunguzungu, unatapika, unachanganyikiwa. Na kuna wanaoshauriana wameze na vitamini C nyingi juu yake, ambayo inaongeza hatari!! Na msiseme haijajaribiwa, Marekani walitoa matokeo ya wagonjwa 178 wa kansa waliopewa amigdalini mwaka 1982, hakuna aliyepona, na wengine wakaonyesha dalili za sumu.

"Ni ya asili, haina madhara." Mmea umeiweka humo ili usiliwe! Ndani ya kokwa amigdalini na kimeng'enya vinakaa mbalimbali, ukitafuna vinakutana, ile harufu ya lozi unayoisikia ni benzaldehidi, na sayanaidi inatoka nayo hapo hapo. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilisema 2016 kwamba kula zaidi ya kokwa tatu ndogo mbichi za aprikoti kwa mara moja kunaweza kumvusha mtu mzima kiwango salama.

Mtoto kameza mbegu mbili tatu za tufaha, ambazo nazo zina amigdalini? Zitatoka zilivyoingia, tulia. Ila usizisage kwenye blenda.

Lozi tamu hazina shida, amigdalini yake kiduchu mno, lozi chungu mbichi ndo za kuogopa.

Kama tayari unazila mwambie daktari wako wa kansa, hata kama unaona aibu. Na ukijisikia vibaya baada ya kula usikae unakunywa maziwa nyumbani, kimbia emajensi na pakiti mkononi waone umekula nini.