Saa ya Ukutani Yenye Rangi: Ni ya Melini au ya Chumba cha Vita?

Ukikuta saa kuukuu ya ukutani yenye rangi usoni, usiharakishe kuiita saa ya manowari. Mombasa tuna mazoea hayo, maana mwaka 1942 kikosi cha manowari za Uingereza cha Bahari ya Hindi kilihamia Kilindini. Lakini rangi zenyewe ndizo zinazosema saa ilifanya kazi gani.

Zihesabu. Vikiwa vipande vyekundu na vya kijani, kila kimoja cha upana wa dakika tatu, hiyo ni saa ya chumba cha redio cha meli. Vyekundu viko dakika ya 15 hadi 18 na ya 45 hadi 48. Hapo watumaji walinyamaza wakasikiliza wito wa hatari kwenye masafa ya redio ya kilohezi 500. Vya kijani, 0 hadi 3 na 30 hadi 33, ni vya ukimya kama huo kwenye masafa ya kilohezi 2182. Itakuwa na mshale wa sekunde pia. Meli za biashara zilikuwa nazo, kwa hiyo peke yake si ushahidi wa jeshi.

Zikiwa pembetatu kumi na mbili, nyekundu, manjano na buluu zikirudiana mara nne, umeshika kitu adimu: saa ya vyumba vya kuongozea vita vya jeshi la anga la Uingereza, iliyotumika katika mfumo wa ulinzi wa Hugh Dowding, mkuu wa ndege za kivita za Uingereza, mwaka 1940. Kila rangi ni dakika tano. Habari ya ndege za adui ilipoingia kwa simu, alama iliyowekwa juu ya meza ya ramani ilikuwa ya rangi ambayo mshale wa dakika uliielekea wakati huo. Ndege ya kilomita 300 kwa saa husogea kilomita 25 kwa dakika tano, kwa hiyo habari iliyochacha ni hatari. Afisa aliitambua kwa kutupa jicho tu, bila kusoma chochote. Na kwa kuwa rangi hurudi baada ya dakika 15, alama za zamani zilipaswa kuondolewa kabla ya hapo. Duara la ndani huwa na namba 13 hadi 24. Hiyo 13 ndiyo saa saba yetu ya mchana.

Za kuigiza ni nyingi. Tazama taji lililochorwa usoni: la enzi ya wafalme lina mgongo wa kuba, na lile lililobonyea juu katikati lilikuja baada ya Elizabeth wa Pili kutawala mwaka 1952. Saa ya “1940” yenye taji lililobonyea haikubaliki. Kwa kioo cha kukuza, vinukta vidogo vya rangi ni karatasi ya mashine ya kuchapa, si rangi ya mkono. Nyuma, tafuta kamani, yaani springi inayoiendesha saa, na kipande chenye umbo la koni, kilichochongwa mfereji wa kuzungushiwa mnyororo au uzi. Kisanduku cha plastiki chenye betri hakikutoka vitani.

Usiusugue uso kwa spiriti. Rangi hutoka na thamani huondoka nayo. Dawa ya kung’arishia shaba nayo hula maandishi ya muhuri. Hewa ya chumvi ya pwani huozesha mnyororo, na ukikatika kamani ikiwa imejazwa, meno ya magurudumu huvunjika. Kwa hiyo usiitie ufunguo kabla fundi hajaukagua, na kama ina pendulumu, itoe kwanza kabla ya kuibeba.